Daftari la Ushahidi: Namna ya Kujenga Kujiamini Bila Kungoja Kibali cha Watu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha shule ya sekondari, meza yangu katika ofisi ya walimu ilitazamana na ya mwalimu mzoefu aliyekuwa amefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20. Kila nilipotoka darasani nilimtazama usoni kabla sijaketi. Akisema, "Leo umefundisha vizuri, mwalimu," siku yangu ilinyooka. Akinyamaza, pengine kwa sababu tu alikuwa akisahihisha madaftari, niliamini kwamba kipindi kimeharibika, hata kama wanafunzi walikuwa wamejibu maswali yote. Muhula wa pili alihamishiwa mkoa mwingine. Wiki ile ndipo nilipogundua jambo lililonitia hofu, nalo ni kwamba sikuwa na njia yoyote ya kujua kama nafundisha vizuri au vibaya. Kazi ya kuipima kazi yangu nilikuwa nimemwachia yeye, naye alikuwa ameondoka.

Mwongozo huu umetokana na miaka iliyofuata, nilipojifunza polepole kuipima kazi yangu mwenyewe. Nimetumia zaidi mifano ya ualimu kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, lakini hatua zenyewe zimewafaa pia watu wa kazi nyingine, akiwemo ndugu yangu ambaye ni fundi cherehani na ambaye nitamtaja mara kwa mara. Ninachoamini ni hiki: kujiamini kunakodumu hakutokani na sifa, wala na maneno matamu ambayo mtu hujiambia mbele ya kioo, bali kunatokana na ushahidi ambao ameukusanya mwenyewe, kwa vipimo alivyoviweka mwenyewe, na ambao anaweza kuufungua na kuusoma siku ambayo hakuna anayemsifu.

Kabla ya hatua ya kwanza, yafaa tutenganishe maneno ambayo mara nyingi huchanganywa. Kibali ni hukumu ya mtu mwingine kwamba wewe unafaa. Maoni ni yale anayoyaona katika kazi yako, na marekebisho ni maelezo ya kosa pamoja na namna ya kulitengeneza. Mtu anayejiamini bado anahitaji maoni na marekebisho, tena pengine kuliko wengine, kwa sababu anaweza kuyapokea bila kuvunjika moyo. Anachoacha kukitegemea ni kibali. Ninalisisitiza hili kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba kutotegemea kibali ni kuziba masikio, na katika jamii yetu, ambamo kila mtoto amelelewa akiambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tabia hiyo huitwa ujeuri, na huitwa hivyo kwa haki.

Hatua ya 1: Chagua eneo moja

Mtu akisema "sijiamini" huwa ametaja jambo pana mno, lisiloshikika. Mama anayepika pilau ya watu 200 kwenye shughuli, akaelekeza wasaidizi kumi bila kutetemeka, anaweza kushindwa kuuliza swali moja katika kikao cha wazazi. Hana upungufu wa kujiamini kwa jumla. Ana eneo moja ambalo bado hajalikusanyia ushahidi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala aliyoichapisha mwaka 1977, alieleza imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo fulani, akasema kwamba imani hiyo hulishwa na vyanzo vinne: kufanikiwa kwa kutenda mwenyewe, kuwaona wengine wakitenda na kufanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mtu anavyoielewa hali ya mwili wake anapokabili jambo lenyewe. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo husaidia, lakini yasipofuatwa na matendo yaliyofanikiwa huyeyuka upesi. Wengi wetu tumeupindua mpangilio huu, kwa kuwa tunasubiri maneno kwanza ili ndipo tutende, na maneno yasipokuja, hatutendi.

Basi chukua karatasi na uandike sentensi moja inayoanza na "Nataka kujiamini katika..." kisha uimalizie kwa tendo ambalo mtu mwingine angeweza kukuona ukilitenda. "Katika maisha" haifai. "Katika kutaja bei ya kazi yangu bila kuipunguza kabla sijaombwa" inafaa. "Katika kuongea mbele ya watu" ni pana bado. "Katika kutoa hoja moja kwenye kikao cha walimu cha kila mwezi" inatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Andika kipimo kabla ya kazi kuanza

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ninaamini ndiyo inayobeba nyingine zote. Usipoweka kipimo kabla ya kazi, utalazimika kukitafuta baada ya kazi, na mahali pa karibu zaidi pa kukitafutia ni kwenye uso wa aliyekuwa akikutazama.

Nilipokuwa nikijiandaa kufundisha ngeli za nomino kidato cha kwanza, niliandika mambo matatu chini ya andalio la somo: nimalize maelezo ndani ya dakika 15, wanafunzi watano wasiozoea kunyosha mkono wapate nafasi ya kujibu, na katika zoezi la maneno kumi, zaidi ya nusu ya darasa wapate saba au zaidi. Mawili ya kwanza yako mikononi mwangu kabisa. La tatu haliko mikononi mwangu lote, lakini linahesabika, na hesabu haibadiliki kwa sababu mtu fulani ameamka vibaya. Linganisha na kipimo nilichokuwa nikikitumia zamani bila kukiandika, kwamba walimu wenzangu wanione hodari. Hicho hakihesabiki, na kila mmoja wao ana mizani yake.

Ndugu yangu fundi alikuwa na mazoea ya kumkabidhi mteja gauni huku akimsoma usoni, na mteja akikunja uso kidogo tu, yeye alipunguza bei kabla hajaombwa. Siku hizi, kabla ya kukata kitambaa, huandika kwenye daftari lake, chini ya vipimo vya kifua, kiuno na urefu, mambo mengine matatu: mabega yalingane, pindo liwe na upana mmoja kuzunguka gauni zima, na nguo iwe tayari siku iliyoahidiwa. Mteja anapofika, gauni limekwisha kupimwa. Akisema linabana kiunoni, hayo ni marekebisho, na fundi huliachia pale pale. Akikunja uso bila kusema kitu, bei inabaki ile ile.

Katika kuchagua vipimo, tenganisha kilichomo katika uwezo wako na kisichokuwamo. Ninapolifikiria jambo hili humkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini, na ambaye alipokuwa kijana alitembea mjini akiuza vyungu. Alipoanza kupata jina, walitokea watu waliomtungia wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake na sura yake, mambo mawili ambayo hakuyachagua wala hakuweza kuyabadili. Majibu yake, ambayo nayo yalikuwa wimbo, yaliiweka thamani ya mtu kwenye akili wala si kwenye uzuri au ukoo. Lakini naona jibu kubwa zaidi lilikuwa kazi yenyewe, kwani aliendelea kuinoa sauti yake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili zilizosikika katika pwani yote. Angekubali kupimwa kwa mizani ya waliomdhihaki, asingeshinda kamwe, maana mizani ile haikuwa na mahali pa kuweka sauti.

Hatua ya 3: Toa hukumu yako kwanza, tena kwa maandishi

Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, alichapisha majaribio ambayo kila anayetaka kuelewa nguvu ya kundi angefaa kuyajua. Mshiriki mmoja aliketishwa miongoni mwa watu ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa watoe majibu ya uongo. Walionyeshwa mstari mmoja, wakatakiwa kuutafutia unaolingana nao kwa urefu kati ya mistari mitatu. Jibu lilikuwa wazi kwa mwenye macho. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya majibu ya washiriki yalifuata kosa la kundi, na takriban robo tatu ya washiriki walilifuata kundi angalau mara moja.

Wengi husimulia majaribio haya na kuishia hapo, wakasikitika jinsi binadamu alivyo dhaifu. Kilicho na manufaa kwetu kimo katika yale Asch aliyoyabadili baadaye. Alipomweka mtu mmoja tu mwingine aliyesema ukweli, makosa ya mshiriki yalipungua sana. Na mshiriki aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka mbele ya wenzake, yalipungua vilevile. Macho ya watu yalikuwa yale yale na mistari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hukumu iliwekwa mahali ambapo kundi halikuifikia.

Kutokana na hayo nilijiwekea utaratibu huu. Kazi ikiisha, kabla ya kumuuliza mtu yeyote, andika mistari mitatu: kilichokwenda vizuri, kilichokwenda vibaya, na alama unayoipa kazi hiyo kati ya kumi kwa kufuata vipimo vya hatua ya pili. Kisha ngoja hadi kesho yake. Ikiwa bado unataka kuuliza, muulize mtu mmoja anayeijua kazi na asiyeogopa kukuambia ukweli, na swali lako liwe la kitu maalumu. "Umeionaje?" ni swali la kuomba kibali, hata likiulizwa kwa sauti ya kawaida. "Je, maelezo ya ngeli ya LI-YA yalimfikia mwanafunzi aliyekaa nyuma?" ni swali la kuomba maoni, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, lina faida.

Mwanzoni utashangaa jinsi inavyouma kungoja hiyo siku moja. Mimi nilikuwa nikijikuta nimekwisha kumgeukia mwenzangu, mdomo u wazi, kabla sijakumbuka. Usijilaumu. Funga mdomo, fungua daftari.

Utaratibu huu unafaa pia nje ya kazi, na sioni mahali unapohitajika zaidi kuliko katika michango ya harusi. Kadi inaletwa, kundi la simu linafunguliwa, na kila jioni mweka hazina anatuma orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja. Mtu ambaye hakuwa ameamua atatoa shilingi ngapi anaisoma orodha ile, anaona jirani ameahidi laki moja, naye anaahidi laki moja, halafu mwisho wa mwezi anakopa ada ya mtoto. Amua kiasi chako siku unayopokea kadi, ukiwa umeketi na matumizi ya nyumba yako, ukiandike kwenye kadi hiyo hiyo, na ndipo uingie kwenye kundi. Ikiwa ulichoandika ni elfu 30, basi ahidi elfu 30, na uitoe kwa wakati. Anayetoa elfu 30 siku aliyoahidi anaifaa kamati kuliko anayeahidi laki moja na kukimbia simu.

Hatua ya 4: Tunza daftari

Nunua daftari dogo la kawaida. Simu nayo inafaa, lakini napendelea karatasi kwa sababu daftari halikuletei ujumbe wa mtu katikati ya kuandika. Kila siku ya kazi andika tendo moja katika eneo ulilolichagua, pamoja na kipimo chake na matokeo. Dakika tano zinatosha.

Andika matendo, usiandike sifa. "Mimi ni mwalimu bora" si ushahidi wa kitu chochote, na siku ya huzuni utaisoma usiiamini. Huu hapa ni ukurasa wa aina ninayoikusudia: "Jumanne, kidato cha pili B. Katikati ya kipindi niligundua kwamba mfano wangu umewachanganya. Nikausimamisha, nikaanza upya kwa kutumia vitu vilivyomo darasani. Waliopata saba au zaidi: 31 kati ya 48." Sentensi kama hizo siwezi kuzikana hata nikitaka.

Yaliyoharibika yaandikwe pia, kila moja na sababu yake pamoja na jambo moja utakalolifanya tofauti. Daftari lenye mafanikio matupu litakuwa ni njia nyingine ya kujisifu, na moyo wako utalijua hilo mapema kuliko unavyodhani. Kurasa zilizonijenga kuliko nyingine ni zile ambazo kosa la mwezi Machi limeandikwa, likarudiwa Aprili, na Mei halionekani tena. Hakuna aliyenipongeza kwa kosa kutoweka, wala hakuna aliyelijua. Mimi nililijua.

Katika daftari hili usinukuu pongezi za watu. Si kwamba pongezi ni mbaya. Barua ya mwanafunzi aliyekushukuru ihifadhi vizuri, lakini uiweke kwenye bahasha nyingine. Ukizichanganya, baada ya muda utajikuta unayafungua maandishi kutafuta pongezi, na kazi yote itarudi ilikotoka.

Kila Ijumaa soma wiki nzima, na kila mwisho wa mwezi soma mwezi mzima. Kusoma ndiko kunakofanya kazi. Binadamu tuna kumbukumbu inayokaza sana siku ya aibu na kulegea upande wa siku 20 za kawaida zilizokwenda salama, na daftari linazirudisha siku hizo 20 mbele ya macho.

Hatua ya 5: Panda ngazi ya hofu, kidato baada ya kidato

Katika tafiti zake, Bandura na wenzake waliwasaidia watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka kwa kuwapitisha katika matendo madogo yaliyopangwa kutoka jepesi hadi zito, wakimwona kwanza msaidizi akilitenda na kisha wao wenyewe wakilitenda, hadi wakamshika nyoka asiye na sumu kwa mikono yao. Waliotenda wenyewe walijenga imani kubwa zaidi kuliko waliotazama tu.

Panga ngazi yako hivyo hivyo. Ya kwangu ya kutoa hoja kikaoni ilikuwa hivi: kikao cha kwanza, kufika mapema na kuketi safu ya mbele, kikao kilichofuata, kuuliza swali moja nililoliandika, kingine, kuunga mkono hoja ya mwenzangu na kueleza kwa nini, kisha, kutoa hoja yangu, na mwisho kabisa, kupinga kwa adabu jambo ambalo mkuu wa shule alikuwa amelipendekeza. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Kidato kikikushinda, usiruke wala usishuke hadi chini. Weka kidato kingine kati ya hicho na kilichotangulia.

Moyo utakwenda mbio na viganja vitatoka jasho. Hapa ndipo chanzo cha nne cha Bandura kinapoingia, maana mwili wenye hofu na mwili uliojiandaa kwa kazi hufanana sana, na tofauti imo katika jina unalolipa hali hiyo. Niliacha kungoja moyo utulie ndipo ninyoshe mkono. Nilinyosha mkono na moyo ukiwa katika mbio zake, nikaandika daftarini: "Moyo ulikwenda mbio, nikasema, nikamaliza." Baada ya vikao kadhaa mbio zile zilikuwa zimepungua zenyewe.

Jambo jingine la kukutia moyo ni kwamba watu hawakutazami kiasi unachodhani. Thomas Gilovich na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi wa chuo kikuu fulana yenye picha ya mwimbaji ambayo wangeona aibu kuivaa, wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua picha ile. Walioitambua hawakufika hata robo. Ulimi ukiteleza kikaoni, kumbuka kwamba wengi wa walioketi pale wanafikiria hoja zao wenyewe na basi la kurudi nyumbani.

Hatua ya 6: Jifunze kuipokea sifa na kuiacha ipite

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wahenga waliona mapema kwamba sifa hubadili kazi ya anayesifiwa, na utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck uliochapishwa mwaka 1998 unaonyesha njia moja ya jinsi inavyotokea. Watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walipendelea baadaye kazi ambazo zingewaonyesha kuwa na akili, na walipokutana na maswali magumu walikata tamaa upesi; waliosifiwa kwa bidii walichagua kazi za kuwafundisha jambo jipya na wakavumilia zaidi. Sifa inayomgusa mtu mwenyewe humpa kitu cha kulinda, na anayelinda hathubutu.

Ukisifiwa, shukuru kwa neno moja, bila kukana na bila kujidharau, kwa sababu kumkatalia mtu wema wake ni kumtaka aurudie. Halafu, ikiwa anaijua kazi, muulize ni kitu gani hasa kilichomfaa. Akikitaja, umepata maoni. Asipokitaja, umepata ukarimu, nao pia ni mzuri, ila hauingii daftarini.

Lawama nazo zipokee kwa swali lile lile: ni kitu gani hasa? Lenye jibu lifanyie kazi. Lisilo na jibu liandike kwenye kipande cha karatasi, ukisome tena baada ya wiki moja. Mara nyingi nimeona kwamba wiki ikipita, lawama isiyokuwa na jambo haina hata uchungu.

Hatua ya 7: Wazee, ndugu, na swali la "watu watasemaje"

Sikubaliani na mafundisho yanayomwambia mtu asijali kabisa wanavyosema ndugu zake. Hatuishi hivyo. Mzee anayekuuguza, anayesimama mbele ya ukoo kukuposea, na atakayekuzika, ana haki ya kusema. Kazi iliyopo ni kutofautisha heshima na kibali, na hilo linawezekana bila kumkosea mtu.

Unapojikuta umekwama kwenye "watu watasemaje", jibu maswali mawili kwa maandishi. La kwanza: watu gani? Wataje kwa majina. Utaona kwamba "watu" ambao walionekana kuwa mji mzima ni wanne au watano. La pili: kati ya hao, ni nani atakayebeba gharama ya uamuzi huu pamoja na mimi? Mwenzi wako ataibeba; mzazi anayekutegemea ataibeba. Hao wasikilize kabla hujaamua, kwa kituo, tena uwe tayari kubadili nia yako. Walio nje ya gharama waheshimu, wasalimie, wasikilize, lakini uamuzi usiuweke mikononi mwao.

Miaka kadhaa iliyopita baba yangu mdogo alitaka niombe cheo cha uongozi wa shule. Aliona kwamba kubaki mwalimu wa kawaida katika umri wangu ni kuiangusha familia. Nilikuwa nimezungumza na mwenzangu wa ndoa, nilikuwa nimesoma daftari langu la miaka mitatu, na nilijua kwamba kazi ninayoiweza na kuipenda iko darasani. Nilifunga safari hadi kwake, na baada ya kumwamkia nilimwambia: "Baba mdogo, nimekusikia na nashukuru kwa kunifikiria. Nimelitafakari jambo hili, na nimeamua kubaki darasani kwa sasa. Nimekuja mwenyewe kukueleza ili usilisikie kwa watu."

Alinyamaza muda mrefu. Zamani ukimya ule ungenifanya nianze kujieleza upya, nikipunguza hapa na kuongeza pale, hadi nilichokuja nacho kiishe chote. Safari hii nilikunywa chai yangu, nikamuuliza habari za shamba, na muda wa kuondoka ulipofika nikaaga. Hakunipa baraka siku ile, wala sikuzingoja sebuleni. Mtu akitaka kujifunza jambo moja tu katika hatua hii, ajifunze kuuacha ukimya wa mwenzake ukae bila kuujaza maneno.

Maneno yanayofaa kutayarishwa mapema ni machache: "Nimekusikia, nitakwenda kulifikiria," kwa jambo ambalo bado hujaliamua, na "Nimeamua hivi, na nimeona nikueleze mwenyewe," kwa lile ulilokwisha kuliamua. Usiseme la kwanza ukiwa unamaanisha la pili. Mzee atangoja, na utakuwa umemdanganya.

Hatua ya 8: Simu

Hapa sina mengi. Mitandao imeugeuza uso wa yule mwalimu mzoefu kuwa nambari, na nambari hiyo iko mfukoni usiku na mchana. Instagram na Facebook tangu mwaka 2021 zimemruhusu mtumiaji kuficha idadi ya waliopenda picha, basi ifiche. Ukiweka kitu kwenye hali ya WhatsApp, usifungue orodha ya walioiona hadi saa 24 zipite na ijifute. Na picha ya kazi yako ipigwe baada ya kuipa alama daftarini, isiwe kabla.

Ukirudi nyuma

Utarudi. Baada ya msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi au kuhamia mahali ambapo hakuna anayekujua, tamaa ya kuambiwa kwamba unafaa hurejea kwa nguvu, na si dalili ya kwamba daftari limeshindwa. Punguza vipimo hadi kimoja chepesi kwa siku, na uanze upya kutoka hatua ya pili.

Lakini ikiwa huzuni au hofu imekaa kwa majuma, usingizi na hamu ya kula vimepotea, unaona kwamba huna thamani hata ukisoma ushahidi wako mwenyewe, au unawaza kujidhuru, basi hilo ni jambo la afya na daftari halitoshi. Nenda hospitali au kituo cha afya ueleze hali hiyo waziwazi, au mwone mshauri nasaha, na usikae peke yako. Vivyo hivyo kwa anayeishi na mtu anayempiga au kumtukana kila siku, ambaye kujiamini kwake kunabomolewa kila usiku na kwa hiyo anahitaji kwanza mahali salama.

Kwa mengine yote, baada ya miezi mitatu jipime kwa zoezi moja. Chagua kazi iliyo katika eneo lako, itakayokuchukua saa kadhaa, ambayo hakuna atakayejua kwamba ni wewe uliyeifanya. Iwekee vipimo, ifanye, ipe alama, iandike, halafu usimwambie mtu. Mimi nilibaki shuleni Jumamosi tatu nikigundisha majalada ya vitabu vya maktaba vilivyochanika, 64 kwa jumla. Jumatatu iliyofuata mwanafunzi mmoja alichukua kimojawapo, akakigeuza upande huu na huu, akakifungua, akaanza kusoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mkononi, nikaenda zangu darasani kwa kuwa kengele ilikuwa imekwisha kulia.